Maji ya mtaani yalitutangulia Malindi

Likizo ikikaribia simu yangu huwa haipoi. Wengi wenu mnaoishi mitaa yetu hii ya Eastlands, tangu Kaloleni na Makongeni hadi Kayole na Dandora, mna swali moja: je, mtu wa mshahara wa kawaida aweza kuwapeleka watoto Pwani wakaona mengi zaidi ya mchanga na ngamia wa kupandwa kwa picha? Jibu langu ni ndiyo, aweza. Lakini kabla sijakueleza kwa njia gani, yafaa nikusimulie yaliyotupata sisi Desemba 2023. Tulikwenda bila kujua jambo moja ambalo lau tungelijua mapema, lingetuokolea pesa za siku nzima na machozi ya mtoto.

Pesa zenyewe zilitokana na chama. Zamu yangu ilifika Novemba na kabla sijazihesabu mara mbili, Baba Watoto alikuwa amekwisha kuzipangia kazi. Alitaka tuongeze katika kile kiploti chetu cha Kamulu, ambacho tangu tukinunue kimezaa nyasi na deni. Nilipotaja bahari alicheka.

"Bahari haina hati," akasema.

Nami nikamjibu kwamba watoto wetu watatu wameiona bahari kwenye kalenda ya kinyozi tu, na kwamba kifungua mimba, aliyekuwa na miaka 12, akipita mwaka mwingine atakuwa hataki tena kutembea na mama yake. Tulizozana wiki mbili. Mwishowe tuligawana: nusu ikaenda Kamulu, nusu ikaenda baharini.

Watoto wa mitaa yetu wanamjua simba. Shule zetu huwapakia basi na kuwapeleka mbuga ya Nairobi na kile kituo cha wanyama yatima, wakarudi na soda na picha. Lakini nilipowaambia wangu kwamba tunakwenda mbuga ya samaki, mvulana wangu wa miaka 9 alinitazama kama niliyepotoka. "Samaki watawekewa ua vipi?" akauliza. Ni swali zuri, na huenda nawe msomaji umewahi kujiuliza.

Ua hakuna. Kuna maboya yanayoelea na kuna sheria. Malindi na Watamu zilitangazwa kuwa mbuga za taifa za bahari mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika. Ile ya Malindi si kubwa, yapata kilomita mraba 6 tu, lakini ndani yake huruhusiwi kuvua hata dagaa mmoja, wala kuokota kombe au kuvunja tawi la tumbawe. Nje ya mbuga kuna eneo la akiba ambalo wavuvi wenyeji wanaruhusiwa kuvua kwa njia zao za jadi. Samaki huzaliana ndani kwa amani, wakishakuwa wengi wanamwagika nje, na mvuvi anapata kitoweo. Hiyo ndiyo hesabu yake.

Basi tulifunga safari. Gari moshi la asubuhi liling'oa nanga Syokimau saa mbili, nasi tulikuwa tumetoka nyumbani Kariobangi South alfajiri na chapati thelathini, mayai ya kuchemsha na kitinda mimba aliyekuwa bado amelala begani mwa baba yake. Siku hizo daraja la pili lilikuwa shilingi 1,000 kwa mtu mzima. Januari 2024 ilipanda hadi 1,500, kwa hivyo usije ukapanga bajeti yako kwa habari za zamani. Kata tikiti mapema. Desemba viti huisha wiki kadhaa kabla, na ukikosa utajikuta ndani ya basi lililopandisha nauli maradufu.

Kituo cha kwanza kinaitwa Athi River. Tulikipita tukitafuna chapati. Nakutajia hapo kwa sababu maalumu, na tutaparudia.

Ndani ya Tsavo watoto waligombania dirisha. Tuliwaona ndovu, wekundu kwa vumbi la mahali pale, wakiwa wamesimama kando ya reli kama wanaosubiri la kwao. Yapata saa nane mchana tukawa Miritini, na kwa matatu mbili tulifika Malindi giza likiingia. Tulipanga vyumba viwili katika gesti ya kawaida yenye jiko la kupikia. Kama una watoto, jiko ndilo litakalookoa mfuko wako, si bei ya chumba.

Jioni ile mwenye gesti, mama mmoja mtu mzima aliyefunga leso zake vizuri, alituuliza kama tumeangalia maji. Tukamwambia hatujafika ufuoni. Akacheka. "Sikuulizi kama mumeyaona," akasema. "Nauliza, mwajua yatakupwa saa ngapi?"

Hapa ndipo sisi watu wa bara huanguka, msomaji. Tunadhani baharini unaingia saa unayotaka. La hasha. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku moja na kitu hivi, na kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo huitwa bamvua. Kati yake kuna maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Ukitaka kuona matumbawe vizuri unatoka na mashua maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu bustani zile huwa karibu na uso wa maji na mwanga unafika chini. Ukienda maji yamejaa utalipa pesa zile zile uone kivuli. Kwa hivyo kabla ya kukata hata tikiti ya gari moshi, muulize mwenyeji ratiba ya maji ya wiki hiyo.

Tuliambiwa tutoke saa nne asubuhi.

Kiingilio cha mbuga hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, si kwa noti mkononi, na mwananchi hulipa kidogo sana akilinganishwa na mgeni wa ng'ambo. Beba kitambulisho chako, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto au nakala zake. Viwango hubadilishwa mara kwa mara, ndiyo maana sivitaji hapa. Gharama kubwa si kiingilio bali mashua. Familia moja peke yake itaumia, lakini familia mbili tatu zikikodi pamoja, kila mmoja atashangaa ilivyokuwa rahisi. Sisi tuliungana na walimu wawili kutoka Meru na mama yao mzee ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga maji yanayopita magoti.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo, kofia kichwani, maneno machache. Watoto wangu nilikuwa nimewafunza njiani, nao wakamwamkia shikamoo kwa sauti moja kama darasani. "Marahaba, marahaba wanangu," akaitika, kisha akatutazama sisi watu wazima na kusema wazi kabla hajapokea hata senti: "Maji leo si mazuri. Mwaweza kungoja Watamu kesho. Mukitaka kwenda twende, lakini nisije nikalaumiwa."

Baba Watoto akanong'ona kwamba huenda ni ujanja wa kutupandishia bei. Tukapanda.

Mashua ile ilikuwa na kioo sakafuni. Kila mmoja wetu aliinama, hata mama mzee wa Meru. Nahodha akazima mashine juu ya bustani ya matumbawe. Na tulichoona, mpenzi msomaji, ni rangi ya chai. Chai ya maziwa, ile nzito ya kioski. Mara moja moja kitu chenye mistari kilipita karibu na kioo, mkia ukaonekana, kikatoweka. Mfuko wa plastiki ulioraruka ulikuja ukajibandika kwenye kioo, ukakaa pale kwa muda kama samaki aliyekuja kutuchungulia.

Kifungua mimba wangu aliinua kichwa, macho yamejaa machozi. "Mama, tumelipa kuona chai?"

Nilitamani bahari inimeze. Nilikuwa nimegombana na mume wangu wiki mbili kwa ajili ya hii chai.

Nahodha hakuomba radhi wala hakujitetea. Alimwuliza binti yangu kwa upole, "Mwatoka Nairobi sehemu gani, mwanangu?"

"Kariobangi South."

"Pana mto hapo?"

Binti akasema upo, Mto Nairobi, lakini ni mchafu, hawaruhusiwi kuukaribia.

"Basi nyinyi ni majirani zetu wa juu," nahodha akasema. "Maji haya yamewatangulia tu. Karibuni."

Walimu wa Meru walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana nilianza kuichora ramani akilini. Wengi wetu tuliifundishwa ramani hiyo shuleni kwa mtihani, tukaisahau siku ya matokeo. Hebu tuifuate pamoja.

Mto Nairobi unashuka katikati ya jiji, unapita Gikomba, unaingia Eastlands. Mto Mathare unaungana nao karibu na Korogocho na Dandora. Mto Ngong, uliokwisha kupita Industrial Area na Mukuru, unajiunga baadaye huko mashariki ya mitaa yetu. Kwa pamoja maji hayo yanaingia Mto Athi, ule ule ambao jina lake tulilipita kwenye kituo cha gari moshi tukitafuna chapati. Athi unaporomoka Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, unazunguka Ukambani kando ya nyanda za Yatta, unaingia Tsavo Mashariki. Hapo Mto Tsavo unajiunga nao na jina linageuka kuwa Galana. Viboko na mamba wanaogea humo. Ukikaribia Pwani wenyeji wanauita Sabaki. Na Sabaki unamwaga maji yake baharini kaskazini kidogo tu ya mji wa Malindi.

Majina matatu, mto mmoja. Simaanishi kwamba kila tone la chai ile lilitoka Kariobangi. Sehemu kubwa ya rangi ni udongo, na udongo huo hutoka mashambani, kwenye miteremko iliyokatwa miti na malisho yaliyochoka. Mwaka ule mvua za El Nino zilikuwa zimeteremka kuanzia Oktoba bila huruma, mito ikabeba kila kilichokuwa hakijafungwa. Wanasayansi waliwahi kutoboa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi na kusoma tabaka zake, kama vile msumeno unavyoonyesha umri wa mti. Katika matokeo waliyochapisha 2007, waliona kwamba udongo unaoletwa na mto ulianza kuongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za walowezi na mashamba mapya, na haukurudi nyuma tena. Tumbawe lilikuwa limeandika yote hayo kimyakimya.

Lakini ule mfuko wa plastiki haukutoka shambani.

Nahodha alitueleza na jambo jingine, ambalo ndilo lile nililosema ningelijua mapema. Pwani ina pepo mbili kubwa. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Bahari inakuwa na mawimbi, lakini mkondo husukuma maji ya Sabaki kwenda kaskazini, mbali na matumbawe ya Malindi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari inatulia, jua linawaka, wageni wanakuja. Ila kaskazi husukuma maji ya mto kuja kusini, moja kwa moja juu ya mbuga. Mvua za vuli zikiwa nyingi, Novemba na Desemba mto unakuwa umejaa, na upepo unaubeba hadi mlangoni pa mgeni. Yaani tunafunga shule, tunapanda gari moshi, na taka zetu nazo zimepewa likizo wiki ile ile.

Januari mvua ikikatika, mto hupungua na maji husafika polepole. Kwa hivyo kama lengo lako ni Malindi, Februari na mwanzo wa Machi ndio wakati. Kama huna budi kwenda Desemba na mvua zilikuwa nyingi, nenda Watamu, ambako ni mbali zaidi na mdomo wa mto.

Ndivyo tulivyofanya kesho yake. Matatu ilitupitisha Gede, pale penye magofu ya mji wa kale wa Waswahili, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Tulipita tu, pesa zilikuwa zimepungua. Mjini Watamu tuliungana na kikundi kingine, tukavaa majaketi ya kuokoa maisha, na nikamtazama Baba Watoto akikaza kamba zake mara tatu, mtu ambaye huvuka Outer Ring Road mbio bila kuangalia.

Na sasa kioo kikafunguka.

Sijui nikuelezeeje, msomaji. Maji hayakuwa kioo kitupu siku ile, lakini mwanga ulifika chini. Kulikuwa na matumbawe kama ubongo, mengine kama pembe za kulungu, na juu yake samaki wenye rangi ambazo nilidhani ni za kitenge tu. Tulimwona pono, samaki mwenye mdomo kama kasuku, akigugunda mwamba. Nahodha wa Watamu akawaambia watoto kwamba pono hutafuna matumbawe yaliyokufa ili ale mwani, na yale yaliyosagika hutoka nyuma yake kama mchanga mweupe. Mvulana wangu alifikiri kidogo. "Kwa hivyo tunajenga kasri kwa mavi ya samaki?" Mashua nzima iliangua kicheko, na hadi leo hiyo ndiyo habari ya kwanza anayompa mgeni.

Kifungua mimba aliingia majini kwa miwani ya kuzamia, akishikilia boya, jaketi limemfura shingoni. Hajui kuogelea, sisi sote hatujui, maana bwawa la kuogelea mitaa yetu ni la kuhesabu. Alikaa humo nusu saa. Alipotoka midomo yake ilikuwa ya bluu na alikuwa hasemi kitu, akinishika mkono tu.

Baba Watoto aliweka miguu.

Usiwatupie samaki mkate, hata mtu akikuambia ni sawa. Usisimame juu ya matumbawe. Linaonekana jiwe, kumbe ni mnyama, na yale makubwa ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Mwaka 1998 maji ya pwani yetu yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yaligeuka meupe yakafa, na kilichopo leo ni kile kilichopona au kuota upya. Ukikanyaga, unakanyaga mtoto wa miaka 25. Vaa fulana ukiwa majini, jua la saa tano litakuchuna mgongo. Na usibebe chupa ya maji ya plastiki: tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku ndani ya mbuga zote, na walinzi hukagua. Beba chupa yako ya kurudiwa.

Mchana tulikwenda kuona kasa. Pale Watamu kuna shirika la Local Ocean, lililoanza mwaka 1997 kama kikundi cha kulinda mayai ya kasa ufuoni. Wavuvi wanaponasa kasa nyavuni kwa bahati mbaya huwapigia simu, wakaja kumchukua, mvuvi akalipwa kiasi kidogo cha kufidia usumbufu na nyavu zake, na kasa akapimwa na kurudishwa baharini. Aliye mgonjwa hulazwa. Nilipenda utaratibu huo kwa sababu haumhubirii mvuvi, unamlipa.

Mgonjwa tuliyemwona alikuwa akielea. Hakuweza kuzama. Alikuwa akipiga mapezi, anainama kichwa, na mwili unarudi juu kama boya. Kijana aliyetutembeza alieleza kwamba kasa humeza vipande vya plastiki akidhani ni chakula, tumbo linaziba, hewa inajaa, basi anabaki juu ya maji akichomwa na jua hadi afe kwa njaa. Akishakunya plastiki zile, kama atazinya, anazama mwenyewe, na hapo wanajua amepona.

Kitinda mimba wangu wa miaka 4 aliuliza kama kasa ana mama.

Kijana akamjibu kwamba mama yake alikuja ufuoni usiku, akachimba shimo, akataga mayai zaidi ya mia, akaondoka. Baada ya kama siku 60 vitoto vinatoka na kukimbilia majini peke yao, na katika elfu moja huenda mmoja tu akafikia utu uzima. Huyu anayeelea alikuwa mmojawapo wa hao waliokwisha kushinda. Hapo nilimwona Baba Watoto, yule wa bahari haina hati, akitoa noti mfukoni na kuitia kwenye kisanduku cha michango bila kunitazama.

Tulirudi nyumbani siku ya tatu, wekundu puani, mifuko mitupu. Na hapo ndipo hadithi ingekoma, lau si Jumamosi.

Ploti yetu ina nyumba 12. Kila Jumamosi asubuhi vijana wawili huja na mkokoteni kuchukua taka, kila nyumba hutoa shilingi 50, nao huondoka wakipiga mluzi. Miaka sita nimewalipa. Miaka sita sijawahi kuwauliza zinakokwenda. Jumamosi ile binti yangu ndiye aliyeuliza, akiwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni.

Kijana mmoja alimtazama mwenzake. "Jalala la Dandora kuna wenyewe, mtoto," akasema. "Kuingia unatoa kitu. Hii yenu tunaishukisha hapo chini."

Hapo chini ni mtoni.

Sikuwa na la kusema, na sitaki umlaumu kijana yule. Ukipiga hesabu, shilingi 600 kwa wiki kwa watu wawili na mkokoteni wa kukodi, kisha mlango unataka lake, ungefanya nini? Na jalala lenyewe, lililoanza mwaka 1975 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, liko kando ya mto ule ule. Hata taka ikifika inakopaswa kufika, mvua kubwa yaweza kuiteremsha. Hilo si la kijana wa mkokoteni kulitatua.

Niliitisha mkutano wa ploti. Nilipendekeza tuongeze shilingi 50 kwa kila nyumba, plastiki ziwekwe kando kwenye gunia ziuzwe kwa wanaozinunua kwa kilo, na vijana walipwe tu wakishatuonyesha wamezifikisha. Walicheka wote, mimi mwenyewe nikijiona mjinga. Nyumba tatu zilikubali.

Kisha ikaja Aprili 2024. Unaikumbuka. Mito ile ile, Mathare na Nairobi, iliacha njia zake usiku na kuingia kwenye nyumba za watu. Kule Mathare watu walipoteza jamaa na kila walichokuwa nacho. Katika ploti yetu maji yalifika mlangoni tu. Yalipokwisha kushuka yalituachia uani matope ya kufika kifundo cha mguu, na juu yake slipa zisizo na wenzake, chupa, nepi na mifuko, vyetu na vya watu wa juu yetu. Tulivizoa kwa sepetu siku mbili. Binti yangu aliokota slipa moja ya mtoto, akauliza kama nayo ilikuwa njiani kwenda Malindi.

Tukakutana tena. Mama wa nyumba ya tisa, ambaye ana watoto watano na anauza sukuma wiki, aliniuliza mbele ya wote kama samaki wa Malindi watamlipia kodi. Nilimwambia hawatamlipia. Akasema basi atafikiria.

Hadi ninapoandika haya nyumba saba zinatoa shilingi 100. Tano bado. Gunia la plastiki liko nyuma ya choo, huuzwa likijaa, na pesa zake anawekewa kijana wa mkokoteni. Mama wa nyumba ya tisa hatoi pesa, lakini nimemwona mara mbili jioni akitia chupa zake humo.